Kabla Binti Hajapanda Basi la Arusha

Mwanamke aliyerudi Mbulu au Hanang kutoka Uarabuni, mikono mitupu na mgongo ukiuma, husikia swali moja kabla hajapewa hata maji ya kunywa: "Si ulikubali mwenyewe?" Huulizwa na shemeji, huulizwa na jirani, na wakati mwingine huulizwa na askari anayeandika maelezo yake. Kwani hakupiga picha ya pasipoti akiwa anatabasamu? Hakuagwa kanisani kwa sala? Basi analalamika nini? Naanza na swali hilo kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wanyamaze, na kwa sababu sheria iliyokubaliwa na karibu nchi zote za dunia, yetu ikiwemo, imekwisha kulijibu.

Jibu limo katika Itifaki ya Palermo, itifaki ya kuzuia, kukomesha na kuadhibu usafirishaji haramu wa binadamu, hasa wanawake na watoto. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha tarehe 15 Novemba 2000, nayo ikaanza kutumika tarehe 25 Desemba 2003. Tanzania iliiridhia Mei 2006. Kenya na Oman zilikuwa zimejiunga nayo tangu mwaka 2005. Hizi ndizo nchi ambazo mabinti wetu hupitia au hufikia, kwa hiyo mtu wa Haydom asidhani kwamba mlango wa sheria humfungia pale Namanga. Nchi za pande zote mbili zimejifunga kwa maneno yaleyale.

Itifaki hutazama mambo matatu. Hutazama kitendo: je, mtu alitafutwa, akasafirishwa, akapokewa au akafichwa? Hutazama njia iliyotumika: vitisho, nguvu, utekaji, ulaghai, mamlaka yaliyotumiwa vibaya, unyonge wa mtu uliogeuzwa mtaji, au fedha aliyopewa mwenye mamlaka juu yake ili akubali kwa niaba yake. Kisha hutazama lengo, yaani kumnyonya: ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa na yanayofanana nao. Vitu hivyo vitatu vikikutana, ridhaa ya mwanamke haihesabiwi. Binti wa Bassotu aliyeambiwa anakwenda kusuka nywele saluni Nairobi, kisha akakuta chumba nyuma ya baa na deni la nauli linalokua kila wiki, alikubali saluni tu. Kile kilichofuata hakukikubali kamwe, na mahakama haina haki ya kumsomea kukubali kwake kana kwamba ni kosa lake.

Irudie hiyo habari ya fedha kwa mwenye mamlaka, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunaguswa bila kutaka. Mjomba anayepokea laki mbili "ya soda" ili mpwa wake aondoke na mgeni amekuwa sehemu ya njia ile inayotajwa na Itifaki, hata kama moyoni alidhani anamsaidia mtoto. Mgeni akikupa fedha kwa ajili ya binti, usipokee. Kama tayari umepokea na mtoto bado yuko nyumbani, mrudishie mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, na iandikwe.

Kwa aliye chini ya miaka 18 sheria ni kali zaidi. Hapo hakuna haja ya kuthibitisha ulaghai wala vitisho. Mtoto akichukuliwa na kusafirishwa ili anyonywe, hiyo peke yake ni biashara ya binadamu, hata kama aliondoka akiimba, hata kama wazazi wote wawili walitia dole gumba.

Bunge letu liliiingiza Itifaki katika sheria za nchi kupitia Sheria ya Kupambana na Biashara ya Kusafirisha Binadamu ya mwaka 2008. Oman nayo ilitunga sheria yake mwaka huohuo. Ya kwetu ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: hakimu aliweza kumtoza mkosaji faini badala ya kumfunga, na mtu aliyekwisha kuvuna fedha kwa wasichana kumi halipi faini kwa shida. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliiondoa njia hiyo. Jambo lingine ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba kosa hili halingoji mpaka wa nchi. Anayemtoa mtoto Yaeda Chini na kumpeleka Arusha kwa ulaghai ili akamnyonye amekwisha kulitenda kabla hajafika Karatu.

Ninalisisitiza hilo kwa sababu safari ya Muscat, mji mkuu wa Oman, mara nyingi haianzii kwenye ndege. Huanza na dada wa kazi. Mabinti wa Kiiraqw na wa Kidatoga wanatafutwa sana mijini kwa sifa ya kuwa wachapakazi na wanyamavu, sifa ambayo mimi huisikia kwa huzuni, maana anayeitafuta anatafuta pia mtu asiyejua kulalamika. Anatoka Dongobesh au Endasak baada tu ya darasa la saba. Anakaa Arusha kwa mama fulani, halafu anaazimwa kwa dada yake mama huyo Dar es Salaam, halafu Unguja, na huko anakutana na mtu wa viza. Kila hatua anakuwa mbali zaidi na watu wanaojua jina la baba yake. Mpaka afikishe umri wa kupewa pasipoti ya mtu mzima, hakuna mtu kijijini anayeweza kusema kwa uhakika yuko nyumba gani.

Na dalali mwenyewe ni nani? Usimtafute mgeni mwenye miwani myeusi. Mara nyingi ni mwanamke, naye aliwahi kwenda. Anarudi wakati wa mavuno au Krismasi, ana simu nzuri, amemwezekea mama yake bati, anajua Kiiraqw cha nyumbani. Pengine yeye mwenyewe aliteseka, na sasa analipwa kwa kila msichana anayempeleka. Atakuambia Oman wanazungumza Kiswahili, na hilo ni kweli, wapo Waomani wengi wenye asili ya Zanzibar. Lakini Kiswahili cha mwajiri hakimfanyi awe ndugu yako.

Sisemi wasiende. Wako wanawake waliokwenda Ghuba wakalipwa kila mwezi, wakasomesha wadogo zao, wakarudi salama, na hakuna mwenye haki ya kumkataza mwanamke mzima kutafuta riziki. Nchi zilizojaribu kuzuia moja kwa moja, kama Uganda ilivyofanya mwaka 2016, zilikuta baadhi ya wanawake wakizungukia nchi jirani, wakasafiri bila kumbukumbu yoyote. Ninachokitaka mimi ni kwamba anayekwenda aende akiwa ameacha nyuma yake karatasi za kutosha kumwokoa. Neno hilo la karatasi ndilo kiini cha ushauri wangu wote. Itifaki ni nzuri, Sheria ya 2008 ni nzuri, lakini zote mbili huja mahakamani zikiuliza: nani alimchukua, lini, kwa ahadi gani? Majibu ya maswali hayo hayapatikani Muscat. Hupatikana kijijini, au hayapatikani kabisa.

Watu wa Hanang hawahitaji mtu wa mbali kuwafundisha hili. Mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo na chakula, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yalichukua karibu ekari 100,000 za malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua, kwa sababu hapakuwa na ushahidi kwamba halmashauri ya kijiji ilipewa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria. Mababu waliozikwa pale hawakutosha kuwa hati. Hukumu ile iliumiza, na inauma mpaka leo, lakini imetufundisha jinsi mahakama inavyofikiri. Tusingoje kuipoteza kesi ya binti kwa namna tulivyoipoteza ya malisho.

Kwa hiyo, kabla hajapanda basi, kaeni chini na daftari. Andikeni jina kamili la anayempeleka, kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha taifa, na mpige picha kitambulisho hicho. Akikataa, safari imeishia hapo, na msimwonee haya. Andikeni namba zake zote za simu, na namba ambayo fedha ya nauli ilitumwa kutoka kwake. Ujumbe wa muamala usifutwe. Wazazi wengi hufuta ujumbe ili kupata nafasi kwenye simu, na kwa kufuta huko hupotea ushahidi ambao polisi wangeutumia kumfikia mtu hata akibadilisha jina. Sauti alizotuma kwa WhatsApp akiahidi mshahara zitumeni kwenye simu ya mtu wa pili, shangazi au mwalimu, ili simu moja ikipotea zibaki.

Kisha umri. Pasipoti ya Mtanzania mtu mzima hutolewa kwa kutumia namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo anayetaka kumvusha msichana wa miaka 15 lazima aanzie mbali, kwenye barua ya utambulisho. Barua hiyo huandikwa na mtendaji. Ndugu mtendaji wa kijiji, wewe mwenye muhuri, nakuandikia wewe hasa. Ukiandika kwamba mtoto uliyemwona akivaa sare mwaka jana ana miaka 19, umemwongezea miaka ambayo hakuna balozi wala hakimu atakayeweza kumpunguzia kwa urahisi akiwa ugenini, kwa sababu pasipoti ya nchi yake ndiyo itakayotoa ushahidi dhidi yake. Wazazi, tunzeni kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa cha RITA. Visiondoke na mtoto. Vibaki nyumbani, aende na nakala.

Mkataba nao. Mkataba wa kweli una jina la mwajiri na mji anakokaa, mshahara kwa sarafu ya nchi hiyo, siku ya mapumziko, muda wa mkataba, na nani analipa tiketi ya kurudi. Unasomwa kabla ya safari, kwa lugha anayoielewa binti, na nakala inabaki kwenu. Mkataba unaotolewa uwanja wa ndege, au wa Kiarabu peke yake, au unaobadilishwa akishafika kwa mwingine wenye mshahara mdogo, ni dalili ya ulaghai ule unaotajwa na Itifaki, na nakala ya ule wa kwanza ndiyo itakayoonyesha kwamba maneno yaligeuzwa. Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011 kwa ajili ya wafanyakazi wa majumbani, unataka haya yote yafanyike kabla mtu hajavuka mpaka. Unasema pia kwamba mfanyakazi ana haki ya kukaa na pasipoti yake mwenyewe, na kwamba ada ya wakala isikatwe kwenye mshahara wake.

Wakala wa ajira Tanzania Bara anatakiwa kusajiliwa na Kamishna wa Kazi. Unaweza kuuliza Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, au ofisi ya kazi kama kampuni fulani inatambulika. Zanzibar wana Kamisheni yao ya Kazi, na hapa kuna mtego: dalali atasema kibali chake ni cha Unguja, ili mtu wa Mbulu asijue pa kuulizia. Muulize jina la kampuni na namba ya kibali, kisha piga simu kokote aliposema. Mtu anayesema "mimi siyo kampuni, mimi namsaidia tu kama dada" amekuambia mwenyewe kwamba hana kibali.

Na pasipoti? Bora familia ilipe yenyewe. Ilipoanza pasipoti ya kielektroniki mwaka 2018 ada ilikuwa shilingi 150,000, fedha ambayo kwa wengi ni mbuzi wawili au zaidi. Lakini pasipoti iliyolipiwa na dalali inageuka deni, na deni hilo ndilo minyororo ya siku hizi. Binti aende mwenyewe Uhamiaji Babati, ajaze fomu mwenyewe, aikabidhi kwa mkono wake na kuipokea kwa mkono wake. Apige picha ukurasa wenye picha, na baadaye ukurasa wa viza. Akienda Kenya, apite kwenye mlango wa mpaka na agongewe muhuri. Anayevushwa kwa njia ya panya hana siku iliyoandikwa ya kuondoka, na kwenye vitabu vya serikali ni kana kwamba bado yuko Katesh anachunga.

Sasa niseme na wewe binti. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti mwezi Novemba 2017 baada ya kuzungumza na Watanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walinyang'anywa pasipoti. Wapo waliofanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Wapo waliolipwa pungufu au kutolipwa kabisa, waliopigwa, walioingiliwa kimwili. Wakati huo sheria ya kazi ya Oman ilikuwa haiwahusu kabisa wafanyakazi wa ndani. Nyuma ya haya yote uko utaratibu wa kafala: viza yako imefungwa kwa mwajiri mmoja, na ukitoka nyumbani kwake bila ruhusa anaweza kukuripoti kwamba umetoroka, ukakamatwa wewe uliyekimbia kipigo. Ulijue hilo kabla hujaondoka, siyo ulifahamu ukiwa umesimama barabarani usiku huna viatu.

Kariri kichwani namba tatu za simu: ya nyumbani, ya mtu mmoja mwenye busara nje ya familia, na ya ubalozi. Tanzania ina ubalozi Muscat, Abu Dhabi na Riyadh. Simu utakayopewa huenda ikachukuliwa, lakini kichwa chako hakichukuliwi. Patana na mama neno moja la kawaida, mfano kuulizia ng'ombe ambaye hamkuwahi kuwa naye, litakalomjulisha kwamba unasikilizwa na unahitaji msaada. Mkizungumza kwa Kiiraqw au Kidatoga mtakuwa na faragha zaidi kuliko Kiswahili. Ukifika tu, tuma mahali ulipo kwa ramani ya simu siku ya kwanza, kabla hujasahau na kabla hujazuiwa. Jina la mtaa, rangi ya msikiti wa jirani, duka lililo mkabala, vyote vinasaidia. Mwajiri akitaka pasipoti, mwambie kwa upole kwamba unaitunza mwenyewe. Oman ilitoa waraka tangu mwaka 2006 kuwakataza waajiri kushikilia pasipoti za wafanyakazi. Ataichukua pengine, lakini sasa unajua kwamba anavunja agizo la nchi yake, na picha ya pasipoti hiyo ipo kwenye simu ya shangazi.

Siku simu ikilia usiku, na sauti ikasema "mama, nitakufa huku," jambo la kwanza ni kutompigia dalali kwa hasira. Atampigia mwajiri, na binti atanyang'anywa simu. Jambo la pili ni kutotuma fedha. Utaambiwa ulipe gharama alizoingia mwajiri ili mtoto aachiwe, na familia nyingi huuza shamba. Hakuna sheria, yao wala yetu, inayompa mtu haki ya kumshikilia binadamu kama dhamana ya nauli. Ukilipa mara moja, bei hupanda.

Fanya hivi: msikilize, andika saa, andika maneno yake kama alivyoyasema. Muulize kama anavuja damu, kama amefungiwa, kama yuko peke yake. Kama maisha yake hayako hatarini usiku huo, usimwambie akimbie bila kujua anakimbilia wapi. Kama yamo hatarini, akimbilie kituo cha polisi au ubalozini, siyo kwa Mtanzania mwingine aliyejitolea kwenye mtandao, maana wapo wanaongoja waliotoroka ili wawauze upya. Asubuhi nenda na daftari lako Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, Mbulu au Katesh, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Sema kwa jina: ninaripoti usafirishaji haramu wa binadamu. Ukisema tu "mwanangu anateswa kazini," itaandikwa kama ugomvi wa ajira wa mbali. Omba taarifa ifike kwenye Sekretarieti ya Kuzuia na Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mwone pia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kama aliyechukuliwa ni mtoto, piga 116, namba ya simu kwa mtoto, haina malipo.

Ubalozi nao una wajibu, hautendi hisani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kibalozi unampa raia aliyekamatwa ugenini haki ya kuwasiliana na ofisi ya nchi yake, na unaipa ofisi hiyo haki ya kumtembelea. Itifaki ya Palermo inazidi hapo: kifungu cha 8 kinaitaka nchi ya mwathirika imthibitishe raia wake, impe hati ya kusafiria kama hana, na impokee bila kucheleweshwa pasipo sababu. Kwa hiyo kauli ya "hawezi kurudi kwa sababu pasipoti iko kwa bosi" si ya mwisho. Pelekeni picha ya ile pasipoti, ile iliyobaki kwenye simu ya shangazi, na ombeni hati ya dharura. Hapo ndipo lile daftari linapolipa.

Kuna mtu atauliza kama mahakama ziliwahi kumsikiliza mfanyakazi wa ndani wa Afrika Mashariki dhidi ya wakubwa. Ziliwahi. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Uingereza ilimkosea mwanamke wa Uganda aliyedai kushikiliwa katika utumwa wa majumbani, kwa kuwa nchi hiyo wakati huo haikuwa na sheria mahsusi ya kumlinda, na kwa hiyo uchunguzi wa malalamiko yake haukuwa wa kweli. Hukumu imebeba herufi mbili tu badala ya jina lake. Na jirani zaidi: mfanyakazi wa ndani Mtanzania aliyetumikishwa kwa miaka bila mshahara katika nyumba ya mwanadiplomasia wa Tanzania, karibu na Washington, alishinda kesi ya madai mwaka 2008, akapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni moja. Kinga ya kidiplomasia ilifanya malipo yenyewe yawe mapambano mengine. Naitaja kesi hiyo kwa sababu mtesaji hakuwa Mwarabu wala Mzungu. Alikuwa wa kwetu, na binti aliondoka Tanzania akiwa na viza halali mkononi.

Akirudi, basi. Mpokeeni, alale, ale, na mpelekeni hospitali mapema, Haydom au ya wilaya, hata kama anasema hana kitu. Taarifa ya daktari yenye tarehe ni ushahidi ambao makovu yakipona hautapatikana tena. Msimlazimishe kusimulia mbele ya ukoo. Maelezo ayatoe mara moja, polepole, kwa mtu anayeandika. Msaada wa kisheria upo bila malipo kwa wasio na uwezo, chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017: waulizeni wasaidizi wa kisheria wa wilaya, au Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wenye ofisi Arusha.

Watakuja wazee kutaka mambo yamalizwe nyumbani, kwa ng'ombe mmoja na pole. Nawaheshimu wazee, na yako mengi waliyoyamaliza vizuri kuliko mahakama. Hili sivyo. Dalali aliyelipa ng'ombe mmoja ameshajua bei, na msimu ujao atalipa mwingine kutoka kwenye faida yake. Kama mila itasaidia, isaidie kwa upande wa ukali. Wadatoga wana girgwageda gademga, baraza la wanawake lenye mamlaka ya kumtoza faini mwanaume aliyemkosea mwanamke, na wanaume wanaliogopa kwa haki. Sioni kwa nini baraza hilo lisikae juu ya anayepeleka wasichana kwa udanganyifu, sambamba na kesi ya polisi, siyo badala yake. Hakuna mwanaume wala mwanamke wa Hanang atakayethubutu kurudi kijijini kutafuta mabinti baada ya kusimamishwa mbele ya akina mama wale.

Kuna madeni ya serikali pia, nayo tuyadai. Itifaki, kifungu cha 9, inazitaka nchi zipunguze umaskini na ukosefu wa fursa sawa, vitu vinavyowafanya wanawake na watoto wawe rahisi kunaswa. Familia iliyopoteza malisho kwa mashamba ya ngano, au iliyopoteza nyumba na ndugu Katesh na Gendabi usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 2023, mlima Hanang uliposhusha tope na kuua watu zaidi ya 80, haiwezi kuchagua kwa utulivu dalali anapobisha hodi. Baada ya janga kubwa popote duniani huja watu wa kuahidi kazi, na ulinzi wa wasichana unapaswa kuwa sehemu ya msaada kama yalivyo mahema na unga.

Mkutano mkuu wa kijiji kwa sheria hukaa walau kila miezi mitatu. Katika mkutano unaofuata, ombeni ajenda moja: mtendaji afungue kitabu cha wanaoondoka kwenda kazi nje ya wilaya, chenye jina, umri, anayempeleka, anakokwenda, na namba ya simu ya mwajiri. Ukurasa wa kwanza waandikwe walioko nje tayari. Kila kitongoji kitaje wake. Na jina la binti ambaye hakuna mtu aliyewasiliana naye kwa zaidi ya mwezi lipelekwe polisi kesho yake, na mama wa binti huyo asiende peke yake.